Miezi miwili jikoni kwa mama mkwe Jamaika

Mkwe wa Portland (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita mdau mmoja aliandika humu kwamba utamaduni wa Wajamaika ni rasta, bangi na kuku wa kuchoma, basi. Sikumjibu palepale kwa sababu miaka sita nyuma hata mimi ningeandika hivyohivyo. Leo nina nafasi, wacha nimwage yote. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mke wangu ni Mjamaika wa Portland, kaskazini mashariki ya kisiwa, chini ya ile milima ya Blue Mountains. Kule mkoa wanauita parokia, zipo 14, na Portland ndiyo ile ambayo mvua haiji kutembea, imehamia kabisa. Tulikutana kazini Uingereza, tukaoana, likizo ndefu ya kwanza tukaenda kwao. Miezi miwili.

Asubuhi ya pili mama mkwe akaniita jikoni. Waliolelewa pwani mnanielewa. Kwetu na mkwe mnasalimiana kwa mbali, ukimwona njiani unatafuta kichochoro. Huyu akanipa kisu na beseni, akanionyesha kigoda. Beseni lilijaa aki.

Aki ni tunda la mti mkubwa wa kivuli. Kwa nje jekundu. Likiiva linapasuka lenyewe mtini, unaona mbegu tatu nyeusi zinazong'aa kama macho ya panya, na kila mbegu imekalia kipande cha nyama cha rangi ya siagi. Kinacholiwa ni hicho kipande tu. Kwenye tawi la chini pale uani kulikuwa na mengine bado yamefumba, nikanyoosha mkono niongezee beseni. Mama mkwe alinipiga kibao cha mkono mbele ya mke wangu, na mke wangu akacheka. Kumbe aki lililofumba ni sumu. Lina kitu kinaitwa haipoglisini, kinaiporomosha sukari mwilini, mtu anatapika, anapoteza fahamu, na watu wamekufa. Kwa hiyo halichumwi mpaka "lipige mwayo", ndivyo wanavyosema wenyewe. Kisha unatoa ule utando mwekundu, unachemsha, maji unamwaga mbali. Marekani walilizuia kuingia nchini mwao tangu 1973 hadi 2000 kwa sababu hiyo.

Likishachemka linakaangwa na samaki wa chumvi aliyelowekwa usiku kucha, kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi na pilipili manga. Ukiliona sahanini utaapa ni mayai ya kuvuruga. Lenyewe limepoa, linakaribia parachichi. Makelele yote anayo samaki. Hicho ndicho chakula cha taifa.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Mti ni wa Afrika Magharibi, ulifika kisiwani 1778, hata jina lake ni la Kiakani, lugha ya Ghana. Samaki ni wa bahari ya baridi ya Kanada, kule Newfoundland na Nova Scotia, ni kama ng'onda wetu lakini mnene na mweupe. Kisiwa kimezungukwa na bahari, samaki wabichi wapo, halafu chakula cha taifa ni samaki wa kuletwa na meli! Nilimuuliza mama mkwe. Akasema, "Ndiye tuliyepewa."

Maelezo marefu nilikuja kuyasoma baadaye. Wenye mashamba ya miwa walikuwa hawataki kupoteza ardhi tambarare kwa chakula cha watumwa. Sukari kwanza. Meli za kaskazini zilileta samaki wa chumvi wa daraja la chini, zikarudi na ramu na molasi. Vilivyobaki mtumwa alijitafutia: alipewa kipande cha mlima, mbali, chenye mawe, akilime siku asiyofanya kazi ya bwana. Humo wakapanda viazi vikuu, magimbi, ndizi, mihogo, na ziada wakaipeleka gulioni Jumapili. Vita vya uhuru wa Marekani vilipozuia meli, na vimbunga vikapiga juu yake, baraza la kisiwa lenyewe lilikadiria watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi ya njaa kati ya 1780 na 1787. Kwa ajili ya sukari ya watu wengine kuweka kwenye chai.

Ndipo ikaja habari ya mshelisheli. Ndiyo, shelisheli hilihili la Pemba na Tanga. Wenye mashamba walitaka chakula cha bei nafuu kinachoota juu ya mti bila kuchukua kazi ya mtu, Uingereza ikamtuma nahodha William Bligh akachukue miche Tahiti. Safari ya kwanza mabaharia wa meli ya Bounty waliasi, mwaka 1789, wakamshusha kwenye mashua na miche wakaitupa baharini. Akarudi tena na meli nyingine, Providence, akaifikisha Jamaika 1793. Na watumwa walivyoionja, wakawapa nguruwe! Ilichukua muda mrefu mpaka watu wakalikubali kwa hiari yao. Leo sikuona ua hata mmoja Portland usio na mti wake. Wanalichoma zima kwenye moto mpaka liwe jeusi kama mkaa, wanamenya, wanakata vipande, linaliwa na hilo aki.

Jambo la mwisho kwa leo, halafu niwaachie nafasi. Mjamaika akisema "chakula" hamaanishi kila kinacholiwa. Anamaanisha kiazi kikuu, gimbi, ndizi mbichi ya kuchemsha, na dampling, yaani madonge ya unga wa ngano. Wali si "chakula". Nilikula wali na kuku sahani mbili, mama mkwe akaniuliza, "Na chakula hutaki?" Nikakumbuka marehemu baba yangu na ugali wake.

Nitaendelea jioni.

Bint Pangani

Mkuu umenikumbusha mbali. Shelisheli la nazi la bibi yangu, na lile la kukaanga vipande kama chipsi. Ila la kuchoma zima sijawahi, nitajaribu. Halafu swali: hilo unalokata ukalipika siku hiyohiyo au wanaliacha lilainike?

Otieno wa Reli

Aki ya nani, nimesoma aya nzima nikifikiri jamaa anaapa. Hapa Nairobi ukiambiwa "aki" ni mtu anaomba msamaha ama anakopa pesa. Sasa kuna nchi aki ikikufungia mdomo inakuua. Endelea buda, nimevuta kiti.

Mzito wa Kaya

Chai hii. Taifa zima lichague sumu kuwa chakula cha taifa?

Mkwe wa Portland

@Mzito wa Kaya, muhogo mchungu umekula mara ngapi maishani? Bibi zetu walijua upi wa kuloweka na upi wa kuchemsha moja kwa moja. Hata wao wana mkate wa muhogo wanaouita bammy, waliurithi kwa Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla Wahispania hawajaja, na kazi kubwa ni kukamua yale maji yenye sumu kabla ya kuchoma. Mtu akizoea sumu yake anaishi nayo.

@Bint Pangani, wanataka lililokomaa lakini bado gumu, siku hiyohiyo. Likilainika linakuwa tamu, hilo watoto wanalipenda, wazee hawalitaki. Chanja msalaba kwa kisu upande wa kikonyo, weka juu ya mkaa, geuza taratibu kama saa nzima. Moshi ukianza kutoka kwenye kikonyo limeiva.

Sasa Jumapili.

Jumapili Portland ni kanisa na wali wa maharage. Rasta mnaowajua ni wachache, sensa ya 2011 iliwahesabu karibu asilimia 1 tu ya watu. Makanisa ndiyo yamejaa mpaka yanaitana. Mama mkwe analoweka maharage mekundu Jumamosi usiku. Asubuhi kabla ya ibada anayabandika na kitunguu saumu, na mimi kazi yangu ikawa kukuna nazi, maana nilimwambia kwetu ndiyo kazi nilizaliwa nayo. (Hawana mbuzi ya kukunia! Wanakwangua kwenye bati la matobo au wanasaga kwenye blenda. Nilihuzunika.) Tui linaingia kwenye maharage yaliyoiva, pamoja na majani ya kitunguu yaliyopondwa, taimu (majani ya kunukia), punje chache za pimento, kiungo cha kwao kinachonukia kama karafuu, na pilipili mbuzi nzima juu kabisa. Halafu mchele, maji yanakauka, moto unapunguzwa.

Hiyo pilipili ndiyo mtihani. Inatakiwa ikae nzima na kikonyo chake, itoe harufu bila kutoa moto. Ikipasuka sufuria zima ni la wanaume tu. Mama mkwe akifunua anaitafuta pilipili kwanza kama mtu anayemtafuta mtoto sokoni.

Krismasi maharage yanawekwa kando, zinaingia mbaazi mbichi, kwa sababu ndio msimu wake. Na kinywaji cha Krismasi ni rozela, hii yetu hii, inalowekwa na tangawizi, wengine wanatia ramu. Nilipoiona nyekundu kwenye gilasi nilicheka peke yangu. Dada yangu anaiuza Tanga kwenye chupa za plastiki.

Siku moja nikaomba niwapikie mimi. Nikapika wali wa nazi mweupe, na mbaazi za nazi pembeni. Wakala vizuri, wakasifu. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Kwani waligombana nini, mpaka ukawatenganisha?"

Mwana wa Afrika Moja

Mleta uzi unazunguka sana wakati jibu liko wazi. Wali wa nazi, mbaazi, mchicha, bamia, rozela, uji. Wanasema "nyam" kumaanisha kula, na sisi tunasema nyama. Hawa ni watu wetu waliopitishwa Bagamoyo na Kilwa. Wazungu walitufichia tu.

Bint Pangani

Na mimi nilikuwa nafikiria hivyohivyo.

Mkwe wa Portland

@Mwana wa Afrika Moja, nakuelewa, na mimi nilifika kule na wimbo huohuo mdomoni. Nilimwambia hata mama mkwe kwamba sisi ni ndugu wa damu, Bagamoyo na kadhalika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mbona aki ulitaka kulila bichi?"

Tuwe wakweli. Walioshushwa Jamaika wengi walitoka pwani ya Ghana ya leo, Nigeria ya mashariki, na Kongo. Wetu wa Kilwa na Bagamoyo walipelekwa Unguja, Arabuni, Mauritius na Reunion. Tukiwachukua Wajamaika wote kuwa wajukuu wa Bagamoyo tunawapoteza mara mbili, wale wa Oman ambao ni wetu hatuwaulizi habari zao, na hawa tunawapokonya Ghana yao. "Nyam" ipo katika lugha kadhaa za Afrika Magharibi kwa maana ya kula. Hadithi zao za watoto ni za Anansi, buibui mjanja, ambaye ni wa Waakani wa Ghana kabisa; si sungura wetu. Wana andazi la unga wa mahindi au viazi vitamu na nazi, linafungwa kwenye jani la mgomba na kuchemshwa, wanaliita duckunoo, na Waghana wana dokono. Ukoo unaonekana.

Mchicha ni kweli ni mchicha, wanauita callaloo, wanaukaanga na samaki wa chumvi asubuhi. Lakini mchicha unaota kila mahali.

Ila nazi nakupa. Minazi ya Karibea ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno ndio waliochukua nazi za upande wetu wakazipeleka Cape Verde katika karne ya 16, na kutoka huko zikavuka. Kwa hiyo katika sufuria lile la Jumapili mtu anaweza asiwe wa kwetu na tui likawa la kwetu. Wana samaki wa kupwaza kwenye tui mpaka mafuta yaelee juu, nilikula nikitafuta ndimu na ukwaju kwa mazoea.

Otieno wa Reli

Na curry ya mbuzi je? Hiyo kila hoteli ya Wajamaika huko majuu iko.

Mkwe wa Portland

Wahindi. Utumwa ulifutwa 1834, uhuru kamili ukaja tarehe 1 Agosti 1838, na waliokuwa watumwa wengi wakakataa kubaki kwenye miwa kwa ujira wa kudhalilisha. Waingereza wakaleta Wahindi wa mkataba. Meli ya kwanza ilitia nanga Old Harbour Bay tarehe 10 Mei 1845, na hadi 1917 walikuwa wamefika zaidi ya 36,000. Walikuja na binzari, na hata neno ganja ni la kwao, Wajamaika hawakulizua. Mbuzi wa harusi na msiba leo anapikwa kwa binzari, na kichwa, utumbo, miguu na zile sehemu nyingine za beberu zinapikwa supu ya ndizi mbichi inayopewa bwana harusi. Watu wa supu ya Mnadani Dodoma mngejisikia nyumbani.

Otieno wa Reli

Hapo umenigusa, jina langu lenyewe si la bure. Babu alifanya kazi reli. Waingereza hao hao walileta Wahindi kama 32,000 kwa mkataba kujenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Sasa chapati na madondo vimekuwa chakula chetu cha kila kibanda. Kumbe serikali moja ilipika nyungu mbili.

Mama Furaha L'shi

Ndugu zangu, mimi niko Lubumbashi lakini mama yangu ni Mkongo wa Matadi, kwao ni Kikongo. Mleta uzi umetaja Kongo ukapita haraka. Uliwahi kusikia kumina?

Mkwe wa Portland

Mama, nilisikia tena usiku, kutoka bondeni, na nilikatazwa kwenda peke yangu.

Kwa wasiojua: baada ya utumwa kufutwa, Waingereza walikuwa wanakamata meli za watumwa baharini, na waliookolewa humo hawakurudishwa kwao. Maelfu walipelekwa Jamaika kama vibarua wa mkataba kuanzia miaka ya 1840. Wengi wa waliotua parokia ya St Thomas, jirani na Portland, walikuwa Wakongo, na kwa kuwa walikuja wamechelewa na wakakaa pamoja, lugha yao haikuzama. Kumina ni ngoma yao ya mizimu, ngoma mbili, mmoja anaipiga huku ameikalia na kisigino kinabana ngozi kubadilisha sauti. Mungu wanamwita Nzambi.

Mama Furaha L'shi

Nzambi! Kama Lingala, Nzambe. Na mbaazi wanaziitaje?

Mkwe wa Portland

Gungo.

Mama Furaha L'shi

Nilijua. Hiyo ni ya kwetu, ya Kikongo. Basi Mwana wa Afrika Moja asikate tamaa, ndugu wako, ila waliingilia mlango wa Matadi, si wa Bagamoyo.

Mufumbira

Na sisi wa Kigezi tusisahaulike. Nyabingi alikuwa anaabudiwa huku kwetu, mpaka wa Uganda na Rwanda, na mwanamke aliyeitwa Muhumusa alipambana na Waingereza 1911 kwa jina lake. Marasta wa Jamaika wakalichukua jina miaka ya 1930 kutoka magazetini, leo ngoma zao na mikusanyiko yao inaitwa nyabinghi. Hakuna mtu wa Kigezi aliyepanda meli. Jina lilisafiri peke yake kwenye karatasi.

Mzito wa Kaya

Sawa, nimekubali si chai. Lakini hujasema jerk. Watu tumekaa hapa kwa ajili ya nyama choma.

Mkwe wa Portland

Nilikuwa naichelewesha makusudi, mkuu. Basi.

Boston Bay ni mwendo mfupi kutoka kwa mama mkwe, na Wajamaika wengi watakwambia jerk ilianzia hapo, kibiashara. Asili yake ni ya Wamaroon, watumwa waliotoroka wakaishi milimani. Walikuwa wanawinda nguruwe mwitu, wanampaka viungo na chumvi, wanamchoma polepole kwenye shimo lililofunikwa. Wenyewe wanasema shimo lilikuwa la kuficha moshi ili askari wasiwaone. Kuku alikuja baadaye sana. Viungo ni pilipili mbuzi, taimu, majani ya kitunguu, tangawizi, na juu ya yote pimento, punje kavu inayonukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa wakati mmoja. Mti wake ni wa kwao kabisa. Na siri iko kwenye kuni: wavu wenyewe ni fito mbichi za mpimento, nyama inalala juu ya mti ambao punje zake zimeipaka. Huku nje tunapewa kuku wa oveni aliyemwagiwa chupa ya mchuzi mweusi, tunaambiwa jerk. Ni sawa na mtu kukuuzia pilau ya unga wa kari.

Mimi nguruwe sili. Nilisimama pale Boston Bay na kuku wangu huku shemeji wakinionea huruma.

Wamaroon ni watu wa kuheshimiwa sana. Malkia wao Nanny ndiye mwanamke pekee kati ya mashujaa saba wa taifa. Mwaka 1739 Waingereza walichoka, wakawekeana mkataba na kina Cudjoe, viongozi wa Wamaroon, wakawaachia ardhi yao. Kule Accompong, kijiji cha Wamaroon, kila tarehe 6 Januari wanasherehekea, nguruwe anapikwa bila chumvi. Lakini mkataba huohuo uliwataka wawarudishe watumwa wapya watakaotoroka, na waliwarudisha. Niliiuliza hiyo mezani siku moja. Vijiko vilisimama. Shemeji mkubwa akasema, "Kula kwanza." Sikuirudia.

Bint Pangani

Misiba yao ikoje? Umegusia mbuzi wa msiba.

Mkwe wa Portland

Hili nitalieleza vizuri kwa sababu lilinikuta.

Wiki ya tano alifariki mzee wa nyumba ya tatu, fundi seremala, aliyekuwa ananiita "Africa" na kunishinda domino kila Jumamosi. Kuanzia jioni ile watu walikuwa wanajaa uani kwake kila siku. Meza za domino, zile kete wanazipiga mezani kama wanapigilia misumari. Kahawa, mkate mgumu, samaki wa kukaanga, ramu nyeupe ya asilimia 63. Mtu akifungua chupa anamwaga kwanza kidogo chini. Mimi mtoto wa madrasa nilikuwa naangalia pembeni, lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa anamwagia mizimu togwa, kwa hiyo sikujifanya mgeni.

Usiku wa tisa ndio wenyewe. Wanaamini mpaka usiku huo roho ya marehemu, duppy, bado inazunguka nyumbani. Imewekewa meza yake ya chakula na kinywaji, hakuna anayegusa kabla ya saa sita usiku. Wanaimba tenzi za kanisa kwa mtindo wa mmoja kutamka mstari na wote kuudaka, hata asiyejua kusoma anaimba. Baadaye chumba cha marehemu kinageuzwa, kitanda kinahamishwa ukuta mwingine, ili akirudi asikitambue. Mjane alikisimamia kitanda kile mwenyewe. Walipokivuta alisema kwa patwa, lugha yao ya nyumbani, na mke wangu akanitafsiria: "Si hivyo, alikuwa anapenda dirisha." Wakakigeuza tena mbali na dirisha.

Arobaini yetu ina utaratibu mwingine na dua nyingine. Nililia usiku ule kuliko nilivyolia kwa watu niliowajua miaka.

Mwana wa Afrika Moja

Mkuu, samahani kwa ubishi wa mwanzo. Endelea.

Mkwe wa Portland

Hakuna ubaya, mkuu, ubishi ndio uliofanya uzi unoge.

Sina mengi tena. Ijumaa Kuu wanakula samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki, vitunguu na karoti, jambo la Mayahudi wa Hispania na Ureno, na mkate wa viungo wenye zabibu unaoliwa na jibini ya kopo, huo usinikumbushe, jibini na mkate mtamu havikunikalia. Asubuhi hiyo kabla ya jua mama mkwe alipasua yai, akatia ute kwenye gilasi ya maji. Umbo litakalotokea ndiyo bahati yako: meli ni safari, jeneza unalijua mwenyewe. Langu lilitoka meli. Nikamwambia tiketi yangu ya kurudi ni Jumatano, yai halijasema kitu kipya.

Na methali moja kwa wapenda lugha. "One one coco full basket." Coco kwao ni gimbi. Gimbi moja moja hujaza kapu. Niliposikia niliomba arudie, nikamwambia ya kwetu ya haba na haba. Akasema kibaba ni nini. Tulikaa nusu saa tunapima mchele.

Otieno wa Reli

Na mtoto wa mwisho wanamwitaje? Nauliza kwa sababu nimeskia ni kitu ya tumbo.

Mkwe wa Portland

Mwosha tumbo, ndiyo tafsiri yake. Kitindamimba kabisa. Na kitovu cha mtoto kinazikwa uani na mti unapandwa juu yake, ule unakuwa mti wake. Mjamaika akiwa London miaka 40 bado anasema kwao ni pale kilipozikwa kitovu. Wa mke wangu ni mshelisheli ule ulio karibu na tangi la maji, nilikuwa nakula matunda yake bila kujua.

Bint Pangani

Kumbe! Kwetu pia kitovu kinazikwa. Haya, wenu mmejaliwa? Cha mtoto wenu mlikizika wapi?

Mkwe wa Portland

Tumejaliwa binti, ana miezi minane. Mama mkwe ameshachimba shimo Portland, karibu na tangi. Mama yangu ameshapata mche wa mnazi mfupi Tanga na anapiga simu kila Ijumaa kuuliza tunakuja lini. Kitovu kiko ndani ya pamba, ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, juu ya kabati la jikoni hapa Birmingham, na hakuna kati yetu wawili anayetaka kuwa wa kwanza kukitaja.